Mfupa wa mguu wa farasi: koili ya sumaku-umeme au mapumziko?

Mwenye Banda, Nungwi
Assalaamu alaykum. Farasi wangu jike ameumia mfupa wa mguu wa mbele. Niagize kutoka Uingereza kifaa cha sumaku-umeme, ambacho koili yake, yaani waya uliozungushwa duara, hufungwa mguuni nusu saa, mara mbili kwa siku, au nimpumzishe bandani tu? Nataka kulipa kabla ya Ijumaa.

Maalim wa Wete
Waalaykumu salaam. Umetuuliza dawa bila ya kututajia maradhi. Ni mfupa upi, umepata ufa au umekatika, tangu lini, na eksirei inaonesha nini? Kimfupa chembamba cha ubavuni mwa goko mara nyingi hupona kwa mapumziko. Goko lenyewe likikatika ni msiba mwingine, kwani mnyama wa kilo 450 halazwi kitandani kama sisi.

Binti Kikwajuni
Mimi ningenunua. Tiba hii Marekani iliiidhinisha mwaka 1979 kwa watu ambao mifupa yao iliyovunjika imekataa kuunga, baada ya kazi ya daktari wa mifupa Bassett na wenzake huko New York.

Maalim wa Wete
Dada yangu, umesema mwenyewe: iliyokataa kuunga, tena ya watu. Jeraha jipya la farasi ni habari nyengine, na kwa farasi ushahidi bado ni haba.

Mwenye Punda, Chake Chake
Yaliyonifika nayaeleza yote. Punda wangu wa gari alipata ufa mguuni alipoingia shimoni na shehena ya mchanga. Nikauziwa mkanda, nikaambiwa ndiyo sumaku-umeme wanayofungwa farasi wa Ulaya. Baada ya siku kumi na mbili akaacha kuchopea, nami kwa tamaa nikamrudisha garini. Safari ya pili mguu ukakatika. Nilipoupasua mkanda kwa kisu nilikuta vipande vyeusi vya sumaku vimeshonewa ndani, na sindano ya cherehani ikavinata bila ya waya wala betri. Koili ya kweli ukiizima haivuti hata pini: kazi inafanywa na umeme unaopita na kukatika, kupita na kukatika, hata ukazaa mkondo mdogo ndani ya mguu. Sumaku iliyotulia haizai kitu.

Binti Kikwajuni
Pole sana, ami, lakini hilo ni kosa la muuzaji, si la koili.

Mwenye Punda, Chake Chake
Ni la muuzaji na langu. Hata koili ingekuwa ya kweli, ningemrudisha garini siku ileile, kwa sababu nilitazama mwendo wake, sikutazama mfupa.

Mwenye Banda, Nungwi
Niwieni radhi. Ni kimfupa cha ubavuni, upande wa nje, wiki ya tatu sasa. Daktari wa mifugo alipapasa akakuta uvimbe mgumu, picha haijapigwa.

Maalim wa Wete
Basi fedha ya koili ilipie picha kwanza. Na mguu wa pili je? Barbaro, farasi wa mbio wa Marekani, alivunjika mguu wa nyuma mwaka 2006, akapasuliwa, lakini kwato ya mguu wa pili, uliobeba uzito wote, ndiyo iliyoanza kuharibika, na Januari 2007 ikabidi auliwe. Wako anaukanyagia ule mbovu? Kwato ya mzima ina joto?

Mwenye Banda, Nungwi
Anaukanyagia kidogo. Kwato sijaishika. Nashuka bandani sasa hivi.

Binti Kikwajuni
Ukirudi tutajie na bei ya hiyo koili.