Mgongo mwaka wa pili sasa, naogopa hata kuinama. Mlianzaje?

MamaUyole: Habari zenu wapendwa. Niko Uyole, Mbeya. Mgongo ulinikamata nikishusha mzigo sokoni, vipimo vikaonyesha diski (ile sahani laini kati ya pingili za mgongo) imetokeza, daktari akasema hakuna cha kupasua nitembee na nifanye mazoezi. Sasa shida ni hofu. Kijiko kikidondoka namwita mtoto aokote, kupiga deki nimeacha, kwenye bajaji kila tuta nabana pumzi, na mkanda sivui kutwa. Naona kabisa navyozidi kukakamaa ila nikitaka kuinama tu moyo unaenda mbio, nahisi uti utakatika. Aliyepitia hii alianzaje?

FizioIringa: Pole sana mama. Kwanza nijibu, mkojo na choo unavizuia vizuri? Sehemu za kukalia hakuna ganzi? Mguu haulegei, hupungui mwili, huna homa wala jasho la usiku? Kukiwa na tatizo lolote kati ya hayo nenda hospitali leo leo, TB ya mgongo ipo na inatibika.

Kama hakuna, hiyo diski isikutishe. Watu wasioumwa kabisa wakipigwa picha ya MRI, kwa wenye miaka 20, watu kama 30 katika kila 100 wanakutwa nayo, kwa wenye miaka 50 ni kama 60. Maumivu yakivuka miezi mitatu mara nyingi jeraha lilishapona, mishipa ya fahamu ndio imebaki inashtuka haraka, na ukibana misuli kwa hofu unaongeza. Mkanda vua taratibu, hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Desemba 2023 haushauri mikanda kwa maumivu sugu ya kiuno.

Leo kaa kitandani, inama huku unatoa pumzi mpaka mikono ipite magoti. Ukizoea shuka mpaka vifundo, halafu okota kitu juu ya kigoda, mwisho sakafuni. Yakiuma kidogo na kesho yametulia, endelea. Yakipanda sana punguza, usiache.

Makambako_88: Mimi wa nyumbani ndio walinichelewesha jamani, kila nikigusa ndoo "acha acha utaumia", nikawa naamini kweli. Kaa na familia uwaambie wakuache uokote mwenyewe. Na asubuhi kwenye baridi hii ya huku tembea kwanza ndani ya nyumba ndio uanze kuinama.

Mzee Tukuyu: Mimi niliambiwa nisinyanyue kitu maisha yangu yote, leo mnasema ainame?

FizioIringa: Shikamoo mzee. Zamani tulishauri hivyo, hata kulala kitandani wiki nzima. Sasa tunajua kukaa bila kujongea ndiko kunadhoofisha misuli ya mgongo.

MamaUyole: Asante sana, dalili hizo sina hata moja. Nimejaribu sasa hivi kitandani, imefika magotini. Na kulima je? Msimu unakaribia.

FizioIringa: Lima, ila jembe la mpini mrefu, na kwa kuangalia saa. Weka alamu dakika kumi, zikiisha simama unyooke hata kama hujaumia. Wiki ijayo ongeza mbili tatu.