Orodha ya samaki inageuka maandishi, shida ni var au nini?

kijana_ngamiani: Wakuu habari za jioni. Natengeneza ukurasa wa bei za samaki kwa JavaScript, kuna mama anauza pale Deep Sea hapa Tanga anataka wateja wajue leo kuna nini kabla hawajapanda bodaboda. Juu kabisa ya skripti nimeweka var name = ["changu", "tasi", "kibua"], nikiita name[0] inakuja herufi c tu!! Na name.length inasema 17. Kodi ile ile nikiitia ndani ya fankisheni inatoa changu vizuri. Nielewesheni jamani.

pwani_kodi: Badili jina mkuu, weka samaki badala ya name, itakubali.

dada_raskazone: Itakubali ila aelewe na sababu, maana kesho atakutana nayo kwenye jina lingine kama status. Iko hivi mdogo wangu, kwenye brauza objekti ya globali, yaani ile inayobeba majina yanayoonekana kila mahali, ni window, na var, hilo neno la kutangazia jina jipya, ukiiandika nje ya fankisheni kwenye skripti ya kawaida inakuwa mali ya window. Sasa window.name ipo siku zote, ni jina la kichupo, na inapokea maandishi tu, ukiipa orodha inaigeuza kuwa "changu,tasi,kibua", hesabu na koma zake utapata hiyo 17. Ndani ya fankisheni var inabaki humo humo, haigusi window. Tena futa huo mstari, rifreshi, andika name kwenye konsoli (sehemu ya brauza ya kujaribia kodi), samaki wako utawakuta bado wapo.

kijana_ngamiani: Duh kweli wapo! Na nikitumia let je?

dada_raskazone: Itafanya kazi. let na const, nazo ni za kutangazia majina kama var, zikiwa juu nje ya fankisheni zinaonekana na skripti zingine za ukurasa huo ila haziingii kwenye window, ukiandika let bei halafu ukaita window.bei unapata undefined. Mi ningeweka type="module" kabisa, kila faili lina skopu yake, yaani majina yake hayaonekani nje. Halafu angalia sana hii, bei = 8000 bila let wala var inazaa globali kimya kimya, kwenye moduli inakataliwa hapo hapo na kosa unaliona, hiyo peke yake inatosha kukuhamisha.

pwani_kodi: Nyongeza, kwenye Node, yaani JavaScript inayoendeshwa nje ya brauza, hakuna window, kule ni global. Ukitaka jina moja linalokubali kote tumia globalThis, imeingia kwenye JavaScript rasmi 2020.