Naomba ushauri: maranta yangu haiinui tena majani usiku

Habarini wakuu. Nina maranta, mmea wa mapambo wa ndani ya nyumba, kwenye chungu. Kwa miezi mingi, jua likizama ilikuwa inainua majani yote mpaka yanasimama wima kama viganja vya mtu anayeomba dua, na asubuhi yanashuka tena. Ukikaa kimya karibu yake unasikia majani yakisuguana taratibu.

Sasa ni wiki ya pili majani yamelala usiku na mchana. Rangi ni nzuri, hakuna lililonyauka, udongo una unyevu. Kilichobadilika ni kimoja tu: nimeihamishia chumba ninachofanyia kazi, ambako taa huwaka mpaka saa saba usiku.

Najua kwamba pale jani linapoungana na kikonyo pana kifundo, na seli za upande mmoja zikijaa maji huku za upande wa pili zikipungukiwa, jani huinuka au kushuka. Najua pia mmea una saa yake ya ndani. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo, na majani yakaendelea kufunguka mchana na kujifunga usiku bila kuona jua. Ndicho kinachonichanganya: kama saa iko ndani, taa inaivurugaje?

Niirudishe ilikokuwa, au niifunike tu jioni? Na huchukua siku ngapi kurudia mwendo wake? Aliyewahi kupatwa na hili anisaidie tafadhali, mmea huu naupenda sana.