Mjadala: Ziwani Naivasha tung'oe gugu maji tu, au turudishe na mafunjo?

Jamani, nauliza sisi wa ziwani na nyie mnaokula samaki wetu. Kila gugu maji likiziba bichi, kilio ni kimoja: kaunti ilete mashine. Mimi nasema hela hiyo ianzie kwenye kurudisha mafunjo ya mdomo wa mto Malewa unaoingia ziwani, yazuie tope na mbolea. Nipingeni, ila nisikilizeni kwanza.

Ukiacha shimo lenye kina kirefu pale kisiwa cha Crescent Island, ziwa hili kina chake ni mita chache tu. Zamani mwanga ulifika chini: mafunjo ukingoni, kisha mayungiyungi ya buluu, kisha majani ya chini ya maji anayokula ndege kukuziwa. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi, asili yao Marekani, ili wavuliwe wauzwe. Wakayala majani yote hayo. Mapema miaka ya 1980 mayungiyungi na majani ya chini yalikuwa yametoweka karibu ziwa zima. Gugu maji lilipoonekana 1988 likakuta nyumba haina mwenyewe.

Majani yale ndiyo yaliyoshika tope. Sasa upepo wa alasiri ukivuma, tope linapanda, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, na mbegu iliyo chini haioni mwanga. Gugu maji halijali, linaelea juu likinyonya mbolea inayoletwa na mito na maji machafu ya mji. Ling'oe, likibaki kipande linajaza tena.

Wiki iliyopita nilipandisha shina moja botini. Mizizi myeusi kama nywele ndefu, na ndani yake wakadondoka kamba saba wadogo, wa ukubwa wa ukucha. Yaani aliyemaliza yungiyungi analelewa na aliyechukua nafasi yake!

*Mvuvi wa Kamere:* Ndugu yangu, maneno mazuri, lakini wewe hulali ziwani. Nyavu zangu nane zilibebwa na gugu maji usiku mmoja, asubuhi nikazikuta ng'ambo zimeviringika, hazifai. Na hayo mafunjo yakikatika yanakuwa visiwa vinavyotembea, vinafunga njia vilevile. Mashine ije ili watoto wetu wapate kula, mafunjo yataota yenyewe.

*Mfugaji:* Na sisi ng'ombe wetu wanywe wapi kiangazi, mkishafunga mdomo wa Malewa?

*Mwanzisha mada:* Mzee wangu, pole sana kwa nyavu. Bichi na njia za boti zisafishwe, kwa mikono au kwa mashine, hapo sina neno. Ninachokataa ni hilo la kuota yenyewe. Mbegu ya mafunjo huota maji yakishuka na tope likabaki wazi, na hapo hapo ndipo ng'ombe, nyati na majembe yetu yanapofika. Chipukizi halipewi hata msimu mmoja. Mfugaji, hoja yako ni ya haki: zitengwe njia za kunyweshea, ziwekewe alama, ukingo uliobaki upumzike. Na tusikate tamaa, maana kamba walipopungua mwishoni mwa miaka ya 1980, majani ya chini yalirudi bila kupandwa na mtu. Basi nawauliza wa mashine: mkishang'oa, pale patupu mtaacha kiote nini?