Mafundi nisaidieni, sketi ya mwaka 1895 imelala nyuma kama gunia

BintiCherehani: Habari zenu wakuu. Nimepewa kazi ya sketi nne za mchezo wa kuigiza wa shule, hadithi yenyewe ni London 1895, enzi za malkia Victoria. Nimechukua satini mita tano nikakata vipande saba nikaunga, kiunoni lastiki, ubavuni zipu. Ya kwanza imetoka ila nyuma imelala tu kama gunia halafu nimeitundika siku mbili pindo la ubavuni limeshuka, mbele pako palepale. Mwenzangu anasema nitie kile kimto cha kuinua makalio. Nitie? Onyesho ni Ijumaa ya wiki ijayo, msinicheke

MzeeMkasi: Mwanangu, hapo cherehani haina kosa, kosa ni mkasi. Kila kipande cha sketi ile kina upande mmoja unaofuata uzi wa kitambaa na mwingine wa mshazari, ule ulionyooka unaelekea mbele, wa mshazari unarudi nyuma, kwa hiyo kwenye kila mshono upande ulionyooka wa kipande kimoja unamshikilia mshazari wa mwenzake asivutike. Wewe nadhani umekata mshazari huku na huku. Lazima pashuke

KotiLaBibi: Kimto usitie dada. Yale matako ya kutokeza kama kigoda ni ya miaka ya 1870, yakapotea kidogo yakarudi 1883 mpaka 1889 hivi. 1895 fasheni ilishahamia kwenye mikono, mikono imejaa begani kama puto. Sketi mbele bapa kabisa, ujazo wote unasukumwa nyuma, marinda yamebanana katikati ya mgongo. Sasa lastiki yako inatawanya mikunjo mpaka tumboni, itoe, weka mkanda wa kiuno na ufungue nyuma kwa kulabu. Na zipu kwenye magauni ya wakati ule hazikuwepo

Kibao_Kata: satini na joto hili la Dar, watoto watazimia kabla ya pazia kufunguliwa 😂

BintiCherehani: Jamani mbili nimeshazikata. Shikamoo mzee, naziokoaje?

MzeeMkasi: Marahaba. Fumua mishono ya ubavuni, ushone tena na utepe wa pamba ndani ya mshono, utashika. Tia bitana ya pamba, satini peke yake haina mgongo. Pindo usilikunje kwanza! Tundika usiku mzima, kesho yake mvalishe mtoto na viatu vyake, pima kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula, piga chaki, piga bandi (mshono wa muda wa mkono), ndo ukate

KotiLaBibi: Na ndani ya pindo zungushia kile kitambaa kigumu cha kola, upana kama sentimita 20, wenyewe walikuwa wanaweka kitambaa cha manyoya ya farasi. Hapo ndo sketi inasimama kama kengele. Ukingoni wakashona utepe maana zilikuwa zinafagia barabara, utepe ukichakaa wanabadilisha wanabandika mwingine. Ila hayo yote ni bure kama chini hakuna gagulo, ile sketi ya ndani. Umeshona gagulo?

BintiCherehani: …gagulo?

MzeeMkasi: Ee Mola. Acha sketi, kesho nenda Kariakoo kachukue merikani, mita tatu kila mtoto, chini weka rinda pana. Hilo likishakaa kiunoni ndo uchukue vipimo vya sketi upya

BintiCherehani: mita 12 tena 😭 sawa mzee, naondoka na gari la saa kumi na mbili