Mjadala: Sinema imeipaka Napoli matope au imesema kweli?

Wakuu, tangu itoke filamu ya Gomorra (2008) kuhusu magenge ya uhalifu ya Napoli, jiji la kusini mwa Italia, ikafuata tamthilia ya jina hilohilo (2014 hadi 2021), ukitaja Napoli watu wanawaza bunduki na unga. Mimi sigombani na kuonyesha uoza. Nauliza kamera imeelekezwa kwa nani.

Mwaka 1963 mwongozaji Francesco Rosi alitoa filamu ya Le mani sulla città (Mikono juu ya jiji), kuhusu Napoli hiyohiyo. Nyumba inaporomoka uchochoroni, kisha tunaingia baraza la jiji na hatutoki. Nottola ni mkandarasi na papo hapo diwani. Anakitaka cheo cha kusimamia ujenzi wa jiji, na vyama vinapiga hesabu za kura. Mwishoni yanakuja maandishi: wahusika na matukio ni ya kubuni, jamii iliyowazaa ni ya kweli. Hapigwi mtu risasi, na bado inatisha kuliko zote. Leo kamera imehamia kwa vijana wa Vele, maghorofa ya mtaa wa Scampia yenye umbo la matanga. Mpiga risasi tunamjua kwa jina. Aliyetia saini karatasi ofisini je?

— Mleta mada, Gomorra uliimaliza kweli? Yule Franco wa suti, anayefukia taka za sumu za viwanda vya kaskazini, si ndiye huyo wa saini? Na Pasquale, fundi cherehani: gauni la karakana yao analiona kwenye runinga, kalivaa Scarlett Johansson, nyota wa Hollywood, yeye keshakuwa dereva wa lori. Bunduki ndizo ulizoziona wewe.

— Mnabishana juu ya filamu, wenzenu wameishi humo. Baada ya tetemeko la 1980, familia zilizokosa makazi ziliingia Vele. Julai 2024 njia ya juu ndani ya jengo mojawapo ikaanguka, watatu wakafa. Nyumba ya Rosi bado inaporomoka.

— Mkuu, kwa Pasquale umenibana, nakubali. Nilichanganya filamu na tamthilia. Ila tamthilia siisamehi. Misimu mitano tunawafuata Ciro na Genny, majambazi wake wakuu, mpaka tunawaonea huruma, na mezani kwa wenye suti tunapita tu. Na wewe wa Vele, hapo ndipo nilipotaka tufike: jengo limeua watu mbele ya macho ya dunia iliyolizoea kwenye skrini. Nani atatengeneza filamu ya faili lake la ukarabati?