Swift, PBR au Point: boti ipi ya doria ilifaa zaidi vita vya Vietnam?

Mchonga_Boti:
Wakuu, heshima kwenu. Kabatini nimebakiza nafasi ya kielelezo kimoja tu, nacho nataka kiwe boti ya doria ya Marekani ya vita vya Vietnam. Nababaika kati ya tatu: Swift (ile iliyoandikwa PCF ubavuni), PBR ya mitoni, na Point za Walinzi wa Pwani. Sitafuti yenye sura nzuri. Nataka ile iliyoiweza kazi yake kuliko wenzake. Nishaurini.

Omo_na_Tezi:
Mkuu, kabla hujauliza ipi bora, uliza maji yalikuwa na kina gani. Swift ina futi 50, bodi ya alumini, na inataka kina cha karibu mita moja na nusu. PBR ina futi 31, bodi ya fibaglasi, nayo sentimita 60 hivi zinaitosha. Point ni futi 82 za chuma. Hiyo naiita meli ndogo, si boti. Hizi hazikuzaliwa kushindana.

Swift ilizaliwa kwa haraka. Februari 1965 rubani wa helikopta aliona "kisiwa" kinasogea kwenye ghuba ya Vung Ro, pwani ya Vietnam Kusini. Kumbe ni meli iliyofunikwa matawi, imejaa silaha kutoka Vietnam Kaskazini. Mwezi uliofuata ikaanza Operesheni Market Time ya kuziba pwani, na jeshi la majini likajikuta na manowari kubwa tele lakini halina kitu cha kukimbizana na jahazi karibu na ufuko. Wakaenda Louisiana kwa Sewart Seacraft, waliokuwa wanaunda boti za kupeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya mafuta katika Ghuba ya Mexico. Wakaichukua hiyo hiyo, wakaipachika rashasha mbili za nusu inchi juu ya chumba cha usukani, na kule tezi wakaweka mota (mzinga mfupi wa kurusha makombora, si injini) ya milimita 81 yenye rashasha nyingine mgongoni. Watu sita, injini mbili za dizeli, kasi ya zaidi ya noti 25. Mwisho wa Oktoba 1965 za kwanza zikawa kambini An Thoi, kusini mwa Vietnam.

Kasia:
Sasa Omo, mbona picha zote za Swift ninazoziona ni za mtoni, vichaka kushoto na kulia? Mimi nilijua ni boti ya mto.

Omo_na_Tezi:
Hapo ndipo penye mkasa wenyewe, nitarudi. Kwanza wa PBR wajitetee.

Mwana_wa_Mto:
Nipo! PBR haina rafadha. Inavuta maji chini ya bodi na kuyatema nyuma kwa pampu, kwa hiyo inapita juu ya kina ambacho boti nyingine ingeacha rafadha yake hapo. Ikiwa kasi yote, nahodha akigeuza mkondo wa pampu, inasimama karibu ndani ya urefu wake. Kwenye mfereji mwembamba unaopigwa risasi pande zote, uwezo huo unamrudisha mtu nyumbani. Na roketi nyingi zilitoboa fibaglasi upande mmoja zikatokea wa pili bila kulipuka, kwa sababu hazikukutana na kitu kigumu cha kuziamsha.

Ubaya upo, sifichi. Magugu maji yaliziba pampu kila mara, mtu anazama kuyatoa kwa mikono. Sampani (mashua ndogo za wenyeji) zilizosogezwa ubavuni kukaguliwa ziliimenya kingo, ndiyo maana toleo la pili likawekewa kingo za alumini. Kinga ya watu wanne waliokuwemo ilikuwa ndogo mno.

Lakini mtafute James Elliott Williams, nahodha wa PBR. Tarehe 31 Oktoba 1966, na boti mbili tu, alikutana na sampani mbili, akazifukuza mpaka akaingia katikati ya kundi zima la adui. Akapigana kwa saa kadhaa akisaidiwa na helikopta, akatoka hai. Alipewa Nishani ya Heshima, ile ya juu kabisa ya kijeshi Marekani. Kwa Swift asingeweza kugeuka vile.

Nanga77:
Jamani, Point mnaziruka kama hazikuwepo. Zilikwenda 26. Mwendo wake wa pole, noti 17 hivi, lakini zilikaa baharini siku kadhaa wakati Swift inarudi kila baada ya siku moja, watu wake wametapika hadi nyongo. Kaskazi ikivuma kule hakuna mzaha: Novemba 1966 PCF-77 ilizamishwa na mawimbi kwenye mlango wa mto wa Hue, ikapoteza watu. Mei mwaka huo huo Point Grey ndiyo iliyoinasa meli ya silaha kwenye rasi ya Ca Mau. Na ule mtindo wa rashasha juu ya mota mnaousifu kwenye Swift ulitoka kwa Walinzi wa Pwani.

Uchungu mkubwa zaidi wa Point haukutoka kwa adui. Agosti 1966 ndege za Marekani zenyewe ziliishambulia Point Welcome usiku, zikiidhania ya adui. Nahodha wake alikuwa miongoni mwa wawili waliokufa.

Omo_na_Tezi:
Nanga, kwa bahari ya wazi sibishani nawe.

Kasia, jibu lako. Kufikia 1968 silaha hazikuja tena kwa bahari kama zamani, zilipita Kambodia na kushuka kwa mifereji. Oktoba mwaka huo Admirali Zumwalt, mkuu wa jeshi la majini la Marekani huko Vietnam, akaanzisha SEALORDS, operesheni ya kuziba njia hizo za mitoni, Swift zikatolewa pwani na kuingizwa mitoni. Boti ya baharini, rafadha zinachimba tope, injini zinasikika kabla haijaonekana, bodi haizuii hata risasi ya bunduki ya kawaida. Aprili 1969 PCF-43 ilipigwa roketi kwenye mto Duong Keo, ikaparamia ukingo na kuishia pale. Picha zako nyingi ni za miaka hiyo. Kwangu mimi Swift haikuwa mbaya, ilipewa kazi ya mwenzake.

Mwana_wa_Mto:
Hapo nakupinga kidogo. PBR isingebeba kikosi cha askari wa nchi kavu pamoja na mota. Walihitaji kitu kikubwa, na Swift ndiyo iliyokuwepo.

Kasia:
Na baada ya vita?

Nanga77:
Nyingi waliachiwa Vietnam Kusini, Point zote 26 pia. Swift mbili zilikwenda Malta 1971. Moja ilipatwa na msiba 1984, fataki haramu zilizokamatwa zililipuka zikiwa ndani, watu saba wakafa. Ya pili ilirudishwa Marekani 2012 na sasa iko kwenye jumba la makumbusho ya bahari San Diego, inaelea.

Mchonga_Boti:
Nimekata shauri, Swift. Ila sitaiweka baharini. Nitaichonga imepanda tope, mikoko mbele ya omo, rafadha moja nje ya maji.

Mwana_wa_Mto:
Basi weka na PBR ndogo nyuma inakuja kuivuta.

Mchonga_Boti:
Mzee, nilisema nafasi moja!